Mtini unapukutisha majani kila masika, chini ya jani kuna vumbi la kahawia: hii ni kutu au nini?

#1 Mchumatini

Wakuu, habari za jioni.

Nina mitini mitatu hapa Kigamboni. Miwili iko ardhini nyuma ya nyumba, mmoja uko kwenye pipa lililokatwa, nimeuweka kibarazani. Aliyeniuzia alisema ni aina ya Brown Turkey. Kiangazi inapendeza, majani mapana, tini zinabeba mpaka jirani anachungulia juu ya ukuta. Masika ikikolea tu, kesi inaanza.

Kwanza vinatokea vidoa vya njano upande wa juu wa jani, vidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Baadaye vinageuka kahawia na kuungana, kingo za jani zinakauka na kujikunja, jani linadondoka. Ukiligeuza unakuta vipele vidogo vidogo upande wa chini, ukipitisha kidole kinabaki na vumbi la rangi ya tofali la kuchoma. Ndani ya wiki mbili tatu mti umebaki fimbo tupu, na tini zinaning'inia mbichi. Haziivi, zinasinyaa na kuanguka.

Kinachonishangaza ni ule wa kwenye pipa. Majani yake yote yapo, madoa ni ya kuhesabu.

Nilipeleka jani duka la pembejeo, kijana wa pale hakuligeuza hata upande wa pili, akaniambia ni utitiri na kunipa dawa ya wadudu. Nimepiga, hali ni ile ile. Mwenye uzoefu anisaidie. Zingatieni kwamba mama mkwe wangu huchuma majani ya mitini hii kuchemshia chai yake ya kutuliza ugonjwa wa sukari, kwa hiyo sitaki mambo ya sumu kali.

#2 Kapeto

Mkuu ng'oa panda mwembe, uishi kwa amani 😂

Utani tu. Naweka kambi hapa, maana wangu wa Mbezi nao umeanza dalili hizo hizo.

#3 Korosho_Kusini

Huo ni ubwiri unga tu. Huku Mtwara mikorosho ikipata tunapiga salfa ya unga alfajiri wakati umande bado upo, kesi imeisha. Tafuta salfa mkuu, acha kuhangaika.

#4 Mzee wa Kibosho

Korosho_Kusini kijana wangu, kwa mkorosho uko sahihi kabisa. Ila ubwiri unga ni unga mweupe, na mwenye uzi kasema vumbi la rangi ya tofali linalotoka kwenye vipele chini ya jani. Hiyo ni kutu ya majani. Salfa haina nguvu ya maana kwa kutu ya mtini, na joto la Dar likipita nyuzi 30 na kitu, salfa yenyewe inaunguza majani. Utakuwa umeongeza ugonjwa wa pili.

Mimi nimekulia kwenye kahawa, na kutu ya kahawa tunaijua tangu utotoni. Ile husababishwa na kuvu iitwayo Hemileia vastatrix, ndiyo iliyoingia Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwaka 1869 na kuimaliza kahawa yao mpaka wakahamia kwenye chai. Ya mtini inaitwa Cerotelium fici. Ni ukoo mmoja lakini kila moja ina miti yake, mwenye kahawa na mtini kwenye kihamba kimoja asiogope kwamba zitaambukizana.

Mchumatini, kabla hujatoa hata shilingi, chukua tishu nyeupe uifute upande wa chini wa jani lenye madoa. Ikibaki na mfuto wa kahawia inayoelekea rangi ya chungwa, ni kutu. Ikitoka safi, rudi hapa tutafute kingine.

Sasa kuhusu ule wa kibarazani. Lile vumbi ndiyo mbegu ya ugonjwa. Upepo unalibeba, matone ya mvua yanalirusha kutoka jani hadi jani. Likitua kwenye jani kavu linakaa tu. Likitua kwenye jani lililolowa na likabaki limelowa kwa saa kadhaa, linaota na kuzama ndani kupitia vitundu ambavyo jani linapumulia. Baada ya hapo kuvu inakula ndani kwa ndani, inapasua ngozi ya chini na kumwaga vumbi jipya. Kwa hiyo mti wako wa kwenye pipa hauna kinga yoyote ya ajabu. Paa la nyumba linazuia mvua isiufikie majani, basi.

Na hili wengi hawalijui: jani ambalo kuvu imeshaingia halitibiki. Dawa inalinda jani ambalo bado ni zima. Watu wanasubiri mti uwe wa njano wote ndipo wanabeba pampu, halafu wanasema dukani wameuziwa dawa feki.

#5 Mchumatini

Mzee shikamoo. Nimefuta kwa tishu sasa hivi kwa tochi ya simu. Imetoka rangi ya kutu kabisa, kama nimefuta bati la zamani.

Kwa hiyo msimu huu ndiyo basi? Na je, mti utakufa?

#6 Mwanamvua wa Unguja

Hautakufa baba. Kutu hii huwa haiui mti, inauchosha. Kila ukipukutisha unatumia akiba yake kutoa majani mapya, mvua inayakuta yakiwa laini, yanaingia kutu tena. Miaka ikienda hivyo mti unadumaa na tini zinakuwa ndogo, hazina utamu.

Mimi nafuga mitini Unguja, na nyie wa Dar mnajua unyevu wa kwetu ulivyo. Dawa yangu ya kwanza ni ufagio. Jani lililoanguka lina vumbi lile lile na linaendelea kuurudishia mti ugonjwa kila tone linapopiga chini na kuruka. Kwa hiyo tunafagia, khasa masika, tena mpaka chini ya vyungu na nyuma ya ukuta ambako upepo hukusanya. Usiyatandaze kama matandazo, wala usiyatupe kwenye lundo la mboji baridi. Chimba uyafukie, au yachome kama mtaa wenu unaruhusu, au yafunge kwenye kiroba yaondoke na taka. Kama unataka matandazo tumia nyasi kavu au makumbi ya nazi.

La pili ni hewa. Mtini ukiachwa unakuwa kichaka, na ndani ya kichaka jani halikauki mpaka saa sita mchana. Mimi naacha matawi makubwa manne au matano yaliyotawanyika, katikati wazi, nikisimama chini naona mbingu. Matawi yanayogusa ukuta nayakata. Machipukizi yanayotoka shinani nayang'oa.

Ukikata vaa glovu na shati la mikono mirefu. Yale maziwa ya mtini yakikupata kwenye ngozi halafu ukakaa juani, yanakuunguza malengelenge na kukuachia alama nyeusi za muda mrefu. Siyo mzio wa mtu mmoja mmoja, ndivyo utomvu wake ulivyo ukikutana na jua. Watoto wasichezee.

La tatu, maji yaende shinani. Wale wa kumwagilia na mpira kwa juu jioni, wanaosha mti wao na kuulaza na maji usiku kucha. Kuvu inataka hivyo hivyo.

#7 Kapeto

Mwanamvua hapo kwenye mpira jioni umenipiga mimi moja kwa moja 🙈

Dawa sasa. Taja dawa.

#8 Mzee wa Kibosho

Dawa ni shaba. Wazee wa kahawa tunachanganya wenyewe: mrututu (zile chembe za bluu za chumvi ya shaba) na chokaa. Mchanganyiko huu una historia tamu. Kule Bordeaux, Ufaransa, wakulima walikuwa wanapaka mizabibu ya kandokando ya barabara mrututu na chokaa ili wapita njia waone rangi ile ya ajabu waogope kuiba zabibu. Mtaalamu wa mimea aliyeitwa Millardet akagundua kwamba mizabibu ya barabarani ndiyo iliyobaki na majani wakati ya ndani imepukutishwa na ubwiri vinyoya, ugonjwa mwingine wa ukungu. Mwaka 1885 akatangaza matokeo yake, na mpaka leo tunatumia. Mchumatini, jirani yako anayechungulia naye atapata ujumbe.

Kipimo cha lita 10: mrututu gramu 100, chokaa ya unga gramu 100. Chokaa iwe mpya, ile ya kupaka ukuta iliyofungwa vizuri. Iliyokaa wazi miezi imeshapoteza nguvu na inakuwa kama vumbi la chaki.

Ndoo ziwe za plastiki, mbili. Usitumie sufuria wala ndoo ya bati, mrututu unakula chuma. Ndoo ya kwanza yeyusha mrututu kwenye lita 5 za maji. Ukiufunga kwenye kitambaa na kuuning'iniza majini unayeyuka haraka kuliko ukiumwaga chini ukalala. Ndoo ya pili koroga chokaa kwenye lita 5. Kisha mimina maji ya mrututu ndani ya chokaa taratibu huku mwenzako anakoroga. Usigeuze mpangilio ukamimina chokaa ndani ya mrututu, utapata mabonge. Rangi inayotakiwa ni bluu ya anga, nzito kidogo.

Halafu pima. Chukua msumari mpya au kisu kilichosuguliwa kikang'aa, kitumbukize kwa dakika moja hivi. Kikitoka na utando mwekundu wa shaba, mchanganyiko bado ni mkali na utaunguza majani. Ongeza chokaa kidogo, koroga, pima tena. Kikitoka kama kilivyoingia, uko tayari. Chuja kwa kipande cha kanga kabla ya kutia kwenye pampu, la sivyo utashinda unazibua nozo. Tumia siku hiyo hiyo. Uliolala hauna kazi.

Pulizia asubuhi siku isiyo na wingu la karibu, dawa ikauke jani kabla mvua haijaja. Elekeza nozo chini ya majani ipige kwenda juu, maana kuvu inaingilia huko. Ukilowesha upande wa juu tu umepaka rangi.

#9 Pampu_Mgongoni

Mzee heshima yako, ila hayo mambo ya msumari na vitambaa ni ya enzi zile. Siku hizi kopa, yaani dawa ya shaba, iko kwenye paketi, unachota vijiko kwa kufuata kibandiko, unamaliza. Na kama kutu imeshaingia, piga mancozeb, dawa ya ukungu, ukichanganya na dawa ya kupenya ndani ya jani. Mimi nyanya zangu nafanya hivyo na mambo safi.

#10 Mzee wa Kibosho

Kopa ya paketi siipingi hata kidogo. Kwa mtu mwenye mitini mitatu ni rahisi kuliko kutafuta mrututu. Ni shaba ile ile, afuate kibandiko.

Mancozeb na hizo za kupenya ndipo tunapoachana. Nyanya ina vipimo vyake, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimeandikwa kwa ajili ya nyanya. Kwenye mtini nani kakupimia? Tini inaliwa na ganda lake, huimenyi kama chungwa. Mancozeb yenyewe Umoja wa Ulaya ulikataa kuihuisha mwaka 2020 kwa sababu za kiafya. Mtu akitaka kujua dawa fulani imesajiliwa kwa zao gani hapa kwetu, TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania) ndio wenye daftari la viuatilifu. Siyo muuza duka.

#11 Pampu_Mgongoni

Sawa mzee, hapo kwenye ganda nimekuelewa. Ila mancozeb wengi bado wanaitumia, tusitishane.

#12 Zabibu na Tini

Niko Dodoma. Kutu huku naiona mara chache, mwaka wa mvua nyingi tu, na hata ikija inakuta tini nyingi zimeshaliwa. Mtini asili yake ni nchi za mvua za baridi na kiangazi kikavu, kwa hiyo Pwani mnaulazimisha, ingawa si dhambi.

Naongeza jambo moja, maana naona mtu akisoma uzi huu kila doa atasema kutu. Kuna ugonjwa wa batobato wa mtini, unaletwa na virusi. Jani linakuwa na mabaka ya njano yasiyo na mpangilio, mara nyingine limepinda au ni dogo upande mmoja, lakini ukifuta chini hakuna vumbi. Huo hauna dawa. Kuna utitiri unaousambaza, mdogo huwezi kumwona kwa macho, na vipandikizi vya mti mgonjwa vinauhamisha kwenda kwa kila aliyepewa. Mti wenye batobato kidogo na afya nzuri unaendelea kuzaa, kwa hiyo usiung'oe kwa hasira, ila usipulizie kopa ukitegemea mabaka yataondoka.

Jani la chini kabisa kuwa njano lote na kudondoka bila madoa ni uzee tu. Msiende hospitali kwa mvi.

#13 Mkaazi wa Kilifi

Jamani sisi wa Kilifi tuko nanyi, mambo ni yale yale, mvua ndefu ikiingia mtini unabaki uchi. Swali langu: nina mforosadi karibu na mtini, nao una madoa ya kahawia na vumbi. Ni bahati mbaya au ni kitu kimoja?

#14 Mzee wa Kibosho

Inawezekana kabisa ni kitu kimoja. Mforosadi na mtini ni familia moja ya mimea, na kuvu hii hushambulia miforosadi pia; India wafugaji wa nondo wa hariri wanaijua vizuri. Kwa hiyo fagia chini ya miti yote miwili. Ukisafisha mmoja ukaacha mwingine, upepo utakurudishia.

#15 Mchumatini

Nimejifunza mengi, asanteni. Maswali mawili.

Moja: nianze lini kupiga kopa, maana sasa hivi mti umeshapukutika nusu?

Mbili: chai ya mama mkwe. Nikipiga kopa, atachuma baada ya muda gani?

#16 Mwanamvua wa Unguja

La kwanza. Kwa sasa usipoteze dawa kwenye majani yenye madoa. Chuma yaliyooza kwa kutu, fagia, na subiri majani mapya. Yakifikia ukubwa wake wa kawaida ndipo uyakinge, halafu rudia kila wiki mbili mpaka tatu mvua zikiwa zinaendelea, au mapema zaidi kama zimenyesha kubwa kubwa zikaosha dawa. Mwakani anza kabla ya masika, mwisho wa Februari hivi, mti ukiwa safi. Tini zikianza kulainika acha kupulizia.

Lakini mimi kwa kweli natumia dawa kidogo, kwa sababu nimebadilisha kalenda ya mti. Masika ikiisha, mwezi wa Juni, nakata matawi kwa nguvu. Tini hizi za aina ya Brown Turkey hubeba kwenye chipukizi jipya la msimu huo huo. Mti unachipua kipupwe na majani yanakomaa miezi ya ukavu, namwagilia shinani, na sehemu kubwa ya tini naila kabla vuli haijashika. Masika ikija inakuta sina cha kupoteza. Ipukutishe itakavyo, Juni nakata tena. Watu wa Dar wanahangaika kuutetea mti Aprili, na Aprili si mwezi wa tini kwetu.

Baada ya kukata weka samadi iliyoiva. Yuria usimwage, utapata majani laini mapana na kutu inayapenda hayo.

La pili, la chai. Majani yaliyopigwa dawa asichume kabisa. Shaba haipotei kama harufu, inakaa juu ya jani, na hapa hali tunda, anachemsha jani lenyewe na kunywa maji yake. Na yenye kutu asichume pia. Si una ule wa kwenye pipa? Huo uwe wake. Usiguswe na pampu, usogeze mbali siku ya kupulizia, ubaki chini ya paa. Na kama mama anatumia vidonge vya sukari au sindano, daktari wake ajue kwamba anakunywa chai hiyo, isije sukari ikashuka kupita kiasi.

#17 Mchumatini

Hapo umemaliza mama. Nimemwambia pipa ni lake, ameshalihamishia upande wa jikoni kwake na kunipiga marufuku kulisogelea 😂

#18 Korosho_Kusini

Mzee nimekubali, salfa nairudisha korosho. Ila swali: hayo maji ya mrututu yakibaki kwenye pampu tunamwaga wapi? Mimi nina bwawa la samaki karibu.

#19 Mzee wa Kibosho

Mbali na bwawa kabisa. Shaba inaua samaki kwa kiwango kidogo sana. Changanya kiasi unachohitaji ili kisibaki, na cha kuoshea pampu kipulizie kwenye mimea ile ile uliyotoka kuipiga. Usimwage sehemu moja kila mara, maana shaba haiozi, inarundikana kwenye udongo na minyoo inakimbia. Kuku nao wafungie siku hiyo mpaka dawa ikauke.

#20 Kapeto

Mchumatini mkuu, kwa kuwa mwembe umeukataa, basi nigawie vipandikizi. Wangu nauona kama una yale mabaka ya batobato aliyosema wa Dodoma, tishu imetoka safi.

#21 Mchumatini

Njoo Juni nikianza kukata kama alivyoelekeza Mwanamvua. Nitakupa vya unene wa kidole, vimetolewa majani yote ili usiondoke na vumbi la kutu. Vya mti wa pipa usiniombe, mwenyewe umeshasikia ni wa nani. Na usivipande karibu na huo wako mgonjwa, tafuta kona nyingine yenye upepo.

#22 Kapeto

Kona yenye upepo ninayo, ila jirani anafulia hapo kila Jumamosi na maji yanaruka. Nitaanza kwa kuongea na jirani.